Tendua, tenda upya, cheza: matumizi katika programu za kuhariri muziki

Tendua (kitenzi elekezi): batilisha tendo lililokwisha kufanywa ili hali ya awali irejee. *Mpe muda atendue mkato wa mwisho.*

Neno hili linatokana na *tenda* kwa kanuni kongwe ya mnyambuliko: *funga* huzaa *fungua*, *panga* huzaa *pangua*, *ziba* huzaa *zibua*. Mzizi wenye irabu *o* huchukua *o*, kama *choma* na *chomoa*. Wanasarufi huiita kauli hiyo kauli ya kutendua, kwa hiyo aliyesoma sarufi hakulishangaa neno hili alipolikuta katika menyu ya kompyuta. (Si kila kitenzi chenye *-ua* ni cha kundi hili; *nunua* na *chagua* havitendui chochote.)

Kosa la kawaida ni kusema *futa* mahali pa *tendua*. Kufuta huondoa, kutendua mara nyingi hurudisha. Prodyuza aliyekata ubeti wa pili kwa bahati mbaya, akiambiwa «futa», ataondoa zaidi. Akiambiwa «tendua», ubeti utarejea mahali pake.

Tenda upya: rejesha tendo lililotenduliwa. Baadhi ya tafsiri hutumia *rudia*, na hapo ndipo hatari ilipo. Studioni, mwimbaji akiambiwa «rudia» huimba tena. Fundi akiambiwa hivyohivyo huenda akaupiga wimbo kutoka mwanzo. Na kibwagizo nacho hurudiwa. Neno moja limebebeshwa mizigo mingi mno.

Utata huo una gharama. Katika Audacity, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, hatua zilizotenduliwa hubaki zikingoja hadi uhariri mpya ufanyike. Ukifanyika, haziwezi kutendwa upya. Kurekodi sauti nako ni uhariri mpya. Basi, iwapo fundi ametendua hatua tano ili kulinganisha, kisha agizo la «rudia» likafahamika kuwa mwimbaji aimbe tena, rekodi hiyo mpya huifunga njia ya kuzirejesha hatua zote tano. Mradi ukifungwa, historia yote ya hatua hupotea, hata kama kazi imehifadhiwa. Kwa sababu hiyo *tenda upya*, ingawa ni refu kwa kitufe kidogo, ndilo la kupendelewa. *Rejesha* halifai sana, kwani laweza kudhaniwa kuwa ni *tendua*.

Cheza: katika vifaa vya sauti, anzisha usikilizaji wa rekodi. Matumizi haya yameigwa kutoka Kiingereza. Kwa asili, mtu *hupiga* gitaa na *hupiga* muziki. Anayecheza muziki ni yule aliye uwanjani akitikisa mabega. Hata hivyo *cheza* limekwisha kuzoeleka katika simu, na kulipinga sasa ni kazi bure. Katika maelezo marefu, *sikiliza* ni wazi zaidi, tena hulinda tofauti muhimu: kusikiliza hakubadilishi faili wala hakuingii katika historia ya hatua. Mhariri aweza kusikiliza mara ishirini baada ya kutendua, na njia ya kutenda upya ikabaki wazi.

*Alitendua mwangwi, akasikiliza, hakuridhika, akautenda upya.* Hapa *akaurudia* lingemwacha msomaji njia panda.