UZI: Kwa nini tulichoma pembe za ndovu badala ya kuziuza?

1/ Kila siasa zikichemka, hii hoja hurudi. Mmoja anasema: "Nchi ina madeni, halafu tulichoma pembe za mabilioni." Mwingine anajibu: "Hizo ni mali ya damu, huwezi kuuza." Kisha mtu wa Taita Taveta anauliza: "Na mahindi yangu yaliyoliwa na ndovu, nani analipa?" Wote watatu wana hoja. Shida ni kwamba tunabishana bila historia. Hapa sitaji mwanasiasa ama chama chochote, kwa hivyo usiniletee majina kwa komenti. Twende.

2/ Kabla ya mkoloni, pembe zilikuwa biashara kubwa tayari. Karne ya 19 Wakamba walikuwa wakibeba pembe kutoka bara hadi Mombasa, na misafara ya kutoka Zanzibar ilifika mpaka Kongo. Mara nyingi pembe na watumwa walipita njia moja. Wanunuzi? India walitaka bangili. Ulaya na Marekani walitaka vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Weka hilo akilini: mnyama yuko kwetu, mwenye pesa yuko mbali.

3/ Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London, yakatia sahihi mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika. Mwafrika hakuwa mezani. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kufanya kazi, lakini wazo lake lilibaki ndani ya sheria za koloni: uwindaji ni kwa leseni. Aliyekuwa na pesa ya leseni akaitwa mwindaji. Asiyekuwa nayo, hata kama babu zake waliwinda hapo hapo, akaitwa jangili.

4/ Mfano: mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alishuka Mombasa kwa safari ya uwindaji. Yeye na mwanawe walipiga wanyama 512, wakiwemo ndovu 11. Hiyo iliitwa sayansi, juu wanyama wengi walipelekwa makumbusho. Mwenyeji akiua mmoja kwa mshale, hiyo ni jela.

5/ Wanaojua zaidi ni Waata, jamii iliyowinda ndovu kwa pinde ndefu na mishale ya sumu maeneo ya Tsavo. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948. Katikati ya miaka ya 50 kukawa na msako mkubwa, wawindaji wa Kiwaata wakafungwa kwa wingi. Pembe zao walikuwa wanawauzia wafanyabiashara waliozipeleka pwani, na hao wafanyabiashara hawakujaza jela kwa idadi hiyo. Huo mtindo wa kushika mshale na kuacha soko utauona tena huko mbele.

6/ Uhuru ukaja, lakini bei ya pembe duniani ikapanda sana miaka ya 70, na bunduki za kivita zikaingia porini. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Faru weusi walitoka karibu 20,000 mwaka 1970 wakabaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 80. Soma hizo namba tena. Ni miaka ishirini tu, haifiki hata umri wa wengi wanaosoma uzi huu.

7/ Si kwamba hakukuwa na sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 1978 ikafunga na maduka ya kuuza nyara za wanyama. Mwisho wa mwaka huo huo ikajiunga na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975.

8/ CITES inafanya kazi hivi. Kuna orodha zinazoitwa viambatisho. Mnyama akiwekwa Kiambatisho cha Kwanza, kumuuza nje ya nchi kwa faida ni marufuku. Akiwa Kiambatisho cha Pili, unaweza kuuza lakini kwa vibali. Ndovu wa Afrika alikuwa kwa cha pili. Maana yake, kote duniani kulikuwa na soko halali la pembe, na pembe ya wizi ukiitafutia karatasi nzuri inageuka kuwa pembe safi.

9/ Karatasi zenyewe zilikuwa rahisi kupata kwa wenye kujuana na wakubwa. Kwetu, miaka ya 70, kulikuwa na vibali maalum vya "kuokota" pembe za ndovu waliojifia, na baadhi vilienda kwa watu waliokuwa karibu na mamlaka. Ati ndovu wanajifia kwa maelfu, na kila mmoja kuna mtu mwenye kibali amesimama karibu. Sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni anayeweza kumgusa mkubwa.

10/ Tarehe 18 Julai 1989, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, rais wa wakati huo aliwasha moto kwenye rundo la tani 12 za pembe. Thamani yake ilikadiriwa kuwa kama dola milioni 3. Nchi maskini inachoma pesa mbele ya kamera za dunia. Watu walishtuka, na kushtua ndiyo ilikuwa kazi ya ule moto. Ujumbe ulikuwa kwa mnunuzi: ukinunua pembe, unanunua kitu ambacho mwenyewe ameona heri akitie moto.

11/ Oktoba mwaka huo huo nchi wanachama wa CITES zilikutana Lausanne, Uswisi. Tanzania na Kenya zilikuwa mstari wa mbele kudai ndovu apandishwe Kiambatisho cha Kwanza. Kura zikapita, na kuanzia 1990 biashara ya kimataifa ya pembe ikafungwa. Huo ndio mwaka KWS ilianza kazi kama shirika jipya lenye askari waliofunzwa na kupewa silaha. Bei ya pembe ikaanguka na mauaji yakapungua.

12/ Sasa, si Afrika yote ilifurahi. Botswana, Namibia na Zimbabwe zilisema: sisi ndovu wetu wanaongezeka, tunawatunza vizuri, kwa nini tuadhibiwe kwa makosa ya wengine? Ni hoja nzito, usiidharau. Mwaka 1997 huko Harare walikubaliwa, ndovu wao wakarudishwa Kiambatisho cha Pili kwa masharti. Afrika Kusini ikafuata mwaka 2000. Mwaka 1999 kama tani 50 ziliuzwa Japani. Mwaka 2008 zaidi ya tani 100 zikauzwa China na Japani.

13/ Baada ya 2008 ujangili ulipanda tena vibaya. Je, ni ule mnada ulisababisha? Wataalamu bado wanavutana. Wapo wanaosema mnada ulifufua soko na kuwapa walanguzi kificho. Wapo wanaosema ni utajiri mpya wa Asia tu. Kile kisicho na ubishi ni matokeo: hesabu kubwa ya ndovu wa savana iliyotolewa 2016 ilikuta kama 352,000 katika nchi 18, na ikakadiria kwamba walipungua kwa asilimia 30 kati ya 2007 na 2014.

14/ Na Kenya hatukuwa wahanga tu. Bandari ya Mombasa ikawa moja ya milango mikuu ya pembe kutoka Afrika, zikiwemo za ndovu waliouawa nchi jirani. Mwaka 2015, Aprili na Mei, Thailand na Singapore zilinasa tani kadhaa za pembe kwenye kontena zilizotoka kwetu. Karatasi zilisema ni majani chai. Jiulize: kontena haitembei yenyewe. Kuna aliyeijaza, aliyeandika karatasi, aliyeipitisha langoni. Huyo si mtu wa mshale.

15/ Mahakamani je? Sheria ya zamani ilikuwa na faini isiyozidi shilingi 40,000 kwa makosa mengi. Kwa mlanguzi hiyo ni nauli. Shirika la WildlifeDirect lilipitia kesi za 2008 hadi 2013 likakuta kuwa kati ya waliopatikana na hatia kwa makosa ya ndovu na faru, ni kama asilimia 4 tu walioenda jela. Wengine walilipa, wakaenda nyumbani.

16/ Ndipo Bunge likapitisha sheria mpya ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Makosa dhidi ya wanyama walio hatarini: faini isiyopungua shilingi milioni 20, ama kifungo cha maisha, ama vyote. Mwezi huo huo raia wa China aliyekamatwa uwanja wa ndege wa JKIA na kilo 3.4 za pembe akapigwa faini ya milioni 20, ama miaka saba jela. Watu wakasema sasa mambo yamekuwa mambo.

17/ Lakini angalia kesi nyingine. Juni 2014 zaidi ya tani 2 za pembe zilinaswa Mombasa. Mfanyabiashara mmoja akashikwa Dar es Salaam, akarudishwa, na mwaka 2016 akahukumiwa miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia kwa kasoro za ushahidi. Mahakama ilifanya kazi yake: bila ushahidi safi huwezi kumfunga mtu, na kisheria huyo hana hatia. Swali linabaki kwetu: hizo tani mbili zilikuwa za nani, na kwa nini hakuna jibu hadi leo?

18/ Hapa ndipo naona mjadala wetu hupotea. Tunapenda kuongeza adhabu juu inapigiwa makofi. Lakini adhabu ya maisha bila upelelezi ni bango tu. Inamshika mwenye kilo tatu mfukoni, haimshiki mwenye kontena. Kile kinachoshika wakubwa ni kazi isiyo na kelele: kufuata pesa benki, kutunza vielelezo vizuri, kuchunguza pembe kwa DNA kujua ndovu aliuawa wapi, na nchi kupeana habari. Afrika tuna hata chombo cha kazi hiyo, Mkataba wa Lusaka wa 1994, na ofisi ya kikosi chake iko hapa Nairobi.

19/ Turudi kwa moto. Tarehe 30 Aprili 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu na zaidi ya tani moja ya pembe za faru. Hapo ndipo "mabilioni" ya mitandaoni hutoka. Ukweli ni huu: ile ilikuwa bei ya soko haramu. Kisheria hakukuwa na nchi ambayo Kenya ingeweza kuiuzia. Kuweka tani hizo kwenye ghala nako kunataka walinzi, na pembe huwa zinapotea kwenye maghala. Kwa hivyo tulichagua kati ya kuchoma na kulinda milele. Kuuza hakukuwa kwenye orodha.

20/ Je, moto pekee ulisaidia? Hapana, na yeyote anayekuambia hivyo anakuuzia hadithi. Kilichotikisa soko zaidi ni China kufunga soko lake halali mwisho wa 2017. Hata kabla ya hapo, tangazo tu la kulifunga lilisaidia kushusha bei: kilo ilikuwa karibu dola 2,100 mwaka 2014, ikafika 730 mapema 2017. Marufuku ya mnunuzi ilifanya kile ambacho bunduki za askari wetu zilishindwa kufanya peke yake.

21/ Matokeo: hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata ndovu 36,280 na faru 1,739. Si wale 167,000, lakini wanapanda. Kwa faru weupe wa kaskazini tulichelewa. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Ol Pejeta mwaka 2018, wakabaki majike wawili.

22/ Sasa mtu wa Taita Taveta. Ndovu wakiongezeka, wanatembea nje ya mbuga, na shamba ni lake. Sheria ile ile ya 2013 iliahidi fidia: milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu. Familia nyingi zimengoja miaka. Yaani kifungu cha kumfunga raia kilianza kazi mwezi wa kwanza, kifungu cha kumlipa raia kikaambiwa kingoje bajeti. Mama aliyepoteza mume na hajalipwa hataona ndovu kama urithi wa taifa, na huwezi kumlaumu. Na mlanguzi anapotafuta mtu wa kumwonyesha njia, anaanzia kwa huyo aliyekasirika.

23/ Na ulanguzi haujaisha, umebadilisha mzigo. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walipatikana Naivasha na malkia wa siafu karibu 5,000, wamewekwa kwenye vichupa, wakiaminika kuwa wa soko la wafugaji wa wadudu Ulaya na Asia. Mahakama iliwapa faini ya milioni 1 ama mwaka mmoja jela. Watu walicheka, ati siafu. Lakini ni hadithi ile ile ya karne ya 19: mali hai iko hapa, mnunuzi yuko mbali.

24/ Kwa hivyo ukisikia tena mtu kwenye jukwaa akisema "tungeuza zile pembe" ama "tuwanyonge majangili," muulize haya manne:
a) Utauzia nani, kwa sheria gani?
b) Umetenga pesa ngapi za upelelezi na mahakama, si za bunduki tu?
c) Bandarini nani atawajibika kontena ikinaswa ng'ambo na karatasi zetu?
d) Fidia ya wananchi italipwa lini? Tarehe, si ahadi.

25/ Asiyekuwa na jibu la (c) na (d) hajasoma hii historia, ama ameisoma na anajua haimfai. Kama uko kaunti zenye wanyama na umewahi kudai fidia, andika hapo chini ulingoja muda gani. Hayo majibu yako ndiyo takwimu tunazohitaji kwa huu mjadala.