Malakia, Juba: Kompyuta kuukuu ya Linux inapokataa waifai

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11, ingawa zingali na nguvu ya kuandika barua, kutunza hesabu za duka na kusoma masomo. Katika mji kama Juba, ambako mashine iliyokwisha kutumika, iliyopitia Kampala na barabara ya Nimule, huenda ndiyo kompyuta ya kwanza ya mwenyewe, kuitupa si jambo jepesi.

Malakia ni miongoni mwa vitongoji vikongwe vya Juba, jirani na soko la Konyo Konyo. Lugha ya mtaani ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho husikika, kwa wafanyabiashara waliotoka nchi jirani na kwa waliosoma Kakuma au Nairobi wakati wa ukimbizi. Maelezo mengi ya kiufundi yameandikwa kwa Kiingereza, na si kila aliyemudu shule ya ukimbizini anayamudu hayo. Makala haya yanaeleza jambo moja tu: namna ya kuiwezesha kompyuta yenye Linux nyepesi kupata mtandao usiotumia waya.

Linux nyepesi ni mfumo endeshi wa bure uliopunguzwa mizigo. Puppy Linux, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. antiX, iliyojengwa juu ya Debian, hufanya kazi hata kwenye kompyuta yenye megabaiti 512 za kumbukumbu, na toleo lake la 23 bado linazihudumia mashine za biti 32. Kwa mwenye gigabaiti mbili au zaidi na kichakata cha biti 64, Lubuntu ni rafiki zaidi kwa mgeni.

Kisa hurudiwa karibu kila mara namna ileile. Mfumo umesakinishwa, kioo kinang'aa, sauti ipo, lakini orodha ya mitandao ni tupu. Mwenyewe huamua kwamba kadi imekufa, husakinisha upya mara mbili tatu, kisha huirudisha Windows iliyokwisha kuachwa bila ulinzi. Mara nyingi kadi ni nzima. Kinachokosekana ni programu dhibiti.

Kadi ya waifai ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Kadi nyingi haziwezi kuamka mpaka zipakiwe faili maalumu kutoka kwa mtengenezaji, na faili hiyo haiko huru kama Linux ilivyo huru. Kwa sababu hiyo, Debian kwa miaka mingi iliziweka programu dhibiti nje ya diski yake rasmi, kwa msimamo wa kanuni. Ulikuwa msimamo wa heshima, lakini ulimwumiza zaidi yule asiyekuwa na intaneti nyingine ya kukimbilia. Mnamo Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadili utaratibu huo, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa ya kwanza kuzibeba ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Basi kabla ya kuhangaika, hakikisha mfumo wako ni wa mwaka 2023 au baadaye. Kwa kadi nyingi za Intel na Realtek, hilo pekee humaliza shida. Baadhi ya kadi za Atheros hazihitaji faili yoyote ya nje.

Zinazosumbua zaidi ni kadi za zamani za Broadcom. Leseni yao hairuhusu faili kusambazwa pamoja na mfumo. Kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer, kinachohudumia nyingi kati ya hizo, hakina programu dhibiti ndani yake. Huenda kuichota kwenye intaneti wakati wa kusakinishwa. Hapo ndipo mtu hukwama: anahitaji intaneti ili apate intaneti.

Daraja la kuvukia limo mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB huweza kuigawia intaneti, na Linux huitambua kama kadi ya kawaida ya mtandao wa waya, bila programu dhibiti ya ziada. Chomeka simu, ingia kwenye mipangilio yake ya mtandao, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, subiri kidogo. Waya uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi sokoni huchaji tu, na hazitafaa. Tena, simu iliyojiunga na waifai ya shule au ofisi huweza kuipitisha waifai hiyo kwenye waya, hivyo bando la simu lisiguswe. Ukitumia bando lako, usikubali sasisho la mfumo mzima siku hiyo, kwani laweza kula mamia ya megabaiti.

Ili kujua kadi uliyo nayo, fungua dirisha la amri uandike lspci -nnk. Kama kadi ni ya kuchomeka nje, andika lsusb. Tafuta mstari wenye neno Network. Chini yake pakiwa na maneno "Kernel driver in use", kerneli imeshaitambua kadi. Pasipokuwa nayo, kiendeshi hakijapatikana. Kisha andika sudo dmesg | grep -i firmware, na mara nyingi jina la faili inayokosekana litatajwa waziwazi.

Faili zote zikiwapo na kadi bado imenyamaza, andika rfkill list. Jibu "Soft blocked: yes" maana yake kadi imezimwa na mfumo, na sudo rfkill unblock wifi huifungua. "Hard blocked: yes" ni swichi ya mkono, pembeni mwa mashine au kwenye kibodi, na hakuna amri itakayoishinda. Katika antiX kuna mtego mwingine: programu zaidi ya moja za kusimamia mtandao. Chagua ConnMan au Ceni, usizitumie mbili kwa pamoja, kwani hunyang'anyana kadi.

Yapo mambo ambayo si kosa la kompyuta hata kidogo. Simu za sasa zikigawa intaneti huweza kutumia masafa ya gigahezi 5, na kadi nyingi za zamani husikia 2.4 tu, kwa hiyo mtandao haonekani kamwe. Badilisha kwenye mipangilio ya hotspoti. Vivyo hivyo, usalama wa WPA3 peke yake huzishinda baadhi ya kadi kuukuu, weka WPA2. Ruta ikiwa kwenye chaneli ya 12 au 13, irudishe kwenye 1, 6 au 11.

Linabaki moja, nalo huwapotezea watu siku nzima. Kompyuta imeunganishwa, alama ya waifai imejaa, lakini kila ukurasa unakataa kufunguka kwa madai ya cheti batili. Tazama tarehe. Betri ndogo ya saa iliyo ndani ya mashine ya zamani ikiisha, kila umeme unapokatika kompyuta hujiona imerudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kufaa. Amri sudo date -s "2026-01-15 10:30", ukiweka tarehe na saa ya kweli, hutatua kwa muda. Betri mpya ya duara aina ya CR2032 hutatua kabisa kwenye mashine nyingi. Kanda ya saa iwe Africa/Juba. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, na mifumo iliyotolewa kabla ya hapo bado huonyesha saa ya Nairobi.

Ukishapata mtandao, andika apt-get download firmware-realtek, au jina la kifurushi cha kadi nyingine, mradi kina programu dhibiti ndani yake. Faili itabaki kwenye folda uliyomo. Ihamishie kwenye flashi, na kwenye mashine ya jirani yenye mfumo wa toleo hilohilo isakinishe kwa sudo dpkg -i ikifuatwa na jina la faili, bila bando jingine.