Wamama kwenye uongozi wa komite ya maji vijijini: kazi, haki na vizuizi

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini, Ituri, Maniema na Tanganyika, maji hayafiki nyumbani. REGIDESO inahudumia zaidi miji. Kijijini watu wanategemea chemichemi iliyojengewa, robine ya maji yanayoshuka kutoka mlimani, kisima cha pompi, ao mto na ziwa. Serikali iko na idara ya maji ya vijijini, lakini kazi ya kila siku ya kulinda maji hayo iko mikononi mwa wanakijiji wenyewe, kupitia komite ya maji.

Swali linalorudi kila mahali ni hili: nani aongoze komite hiyo?

Nani anayejua maji

Ripoti ya OMS na UNICEF ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba duniani, katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wanaochota ni wanawake na wasichana. Huku kwetu hilo halihitaji kuelezwa sana. Kwa kipimo cha lita 15 kwa mtu kwa siku, ambacho mashirika ya msaada hutumia wakati wa taabu, jamaa ya watu 7 inahitaji lita 105. Hizo ni zaidi ya bidoni 5 za lita 20, na kila bidoni ikijaa iko na kilo 20 mgongoni.

Ni mama na binti zake wanaojua chemichemi inapungua mwezi gani, foleni inakuwa ndefu saa ngapi, na njia gani haifai kupita mtu peke yake giza likiingia. Komite isiyo na mtu mwenye ujuzi huo inaamua mambo bila kuona.

Komite inafanya nini

Kwa kawaida komite iko na prezida, makamu wake, sekretere, mtunza feza, fundi, na watu wa kuhamasisha usafi. Inafanya kazi pamoja na shefu wa kijiji, reko na muuguzi wa kituo cha afya. Kazi zake kubwa ni hizi:

- kulinda chemichemi: uzio, mtaro wa kupitisha maji ya mvua, na kukataza kulima, kuchunga ao kufua nguo upande wa juu;
- kuhakikisha vyoo viko mbali, angalau metre 30 kutoka kwenye maji;
- kupanga saa za kufungua na kufunga robine;
- kukusanya michango na kuandika kila franka kwenye daftari;
- kutengeneza kinachoharibika kabla watu hawajarudi mtoni;
- kuongoza salongo na kutembelea nyumba juu ya usafi.

Programu ya Taifa ya vijiji safi, ambayo Wizara ya Afya inaendesha kwa msaada wa UNICEF na watu wengi wanaiita kwa Kifaransa « Village assaini », iliweka masharti 7. Kijiji kinapaswa kuwa na komite inayofanya kazi kweli. Angalau watu 80 kwa 100 wapate maji safi; nyumba 80 kwa 100 ziwe na choo safi; nyumba 80 kwa 100 zitupe takataka mahali panapofaa; watu 60 kwa 100 wanawe mikono kwa sabuni ao majivu kabla ya kula na kiisha kutoka chooni; watu 70 kwa 100 wajue namna magonjwa ya uchafu yanavyoambukiza na namna ya kuyazuia. Tena kijiji kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi.

Ukiangalia masharti hayo vizuri, mengi yanatimizwa ndani ya nyumba, jikoni na uani. Ndiyo sababu komite ya wanaume watupu inachoka mapema: inatoa amri juu ya kazi ambayo wengine wanaifanya.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2006, artikle ya 14, inaitaka serikali iondoe ubaguzi juu ya wanawake na kufuata usawa wa wanaume na wanawake katika taasisi. Artikle ya 48 inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria namba 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza namna haki za mwanamke na usawa huo vinavyotekelezwa, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inapanga mambo ya maji nchini. Kwa hiyo mama anayesimama kugombea uprezida wa komite haombi huruma ya mtu. Anatumia haki yake.

Mahesabu ambayo kila mtu anaweza kufanya

Kuongoza komite hakuhitaji diploma. Tuchukue mfano wa chemichemi inayojaza bidoni ya lita 20 kwa dakika moja. Saa ya telefone inatosha kupima. Hiyo inatoa bidoni 60 kwa saa, na kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni ni bidoni 720. Kama kila nyumba inachukua bidoni 6, inatosha nyumba 120, bila hata tone moja kupotea. Zikizidi hapo, foleni itazaa ugomvi, na komite inapaswa kujenga tanki ao kutafuta chemichemi ya pili.

Sasa nyumba hizo 120 zikitoa franka 500 kila mwezi, sanduku linapata franka 60.000. Kwa mwaka ni 720.000. Ni feza ya robine mpya, tiyo, simenti na posho ya fundi. Wamama wengi wamezoea kutunza feza ya pamoja katika likelemba na vikundi vya akiba: sanduku lenye funguo kwa watu tofauti, hesabu kusomwa mbele ya wote. Desturi hiyo hiyo inafaa kwa maji.

Vizuizi

Mara nyingi wamama wanawekwa kwenye komite kwa kujaza orodha. Wanapewa kufagia chemichemi na kuhamasisha, lakini prezida, fundi na mwenye ufunguo wanabaki wanaume. Mkutano unaitishwa siku ya soko ao saa ya kupika, kiisha inasemwa wamama hawakuja. Mafunzo ya ufundi yanapewa vijana wa kiume. Mmoja akienda machimboni, ujuzi unaondoka naye.

Kuko pia mzigo wa kazi ya bure. Mama prezida anaacha shamba lake siku nzima kwa ajili ya kijiji, na jioni bado anangojewa nyumbani. Kama bwana na wakubwa wa jamaa hawakushirikishwa tangu mwanzo, cheo hicho kinaweza kumletea matata.

Na kuko wakimbizi wa ndani. Kijiji kikipokea jamaa nyingi kwa juma moja, hawawezi kulipa mchango, nao wanahitaji maji. Kuwafukuza kwenye robine ni kuwatuma mtoni, na kipindupindu kikianza huko hakitachagua mgeni na mwenyeji. Komite yenye akili inawasamehe mchango kwa muda, inawaomba mikono kwenye salongo, na inaweka mama mmoja wao kwenye mikutano.

Kinachosaidia

Uchaguzi ufanyike mbele ya watu wote, saa ambayo wamama wanaweza kufika. Angalau mama mmoja afundishwe kufungua robine na kubadilisha vifaa vyake. Hesabu zisomwe kila mwezi kwa lugha ambayo wote wanasikia. Kazi ya kufagia igawanywe kati ya nyumba zote, isiwe ya wamama wa komite peke yao. Karibu na ziwa na mito, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara, komite ijue mahali pa kutia kloro kwenye bidoni, na watu wakumbushwe kungoja dakika 30 kabla ya kunywa.

Mradi ukimaliza kujenga, unaondoka na magari yake. Robine inabaki. Swali ambalo kijiji kinaweza kujiuliza leo ni rahisi: ikivunjika kesho asubuhi, ni nani ataitwa, ufunguo uko kwa nani, na sandukuni kuko ngapi? Pale ambapo mama anayechota maji anaweza kujibu yote matatu, komite iko hai.