Mwanagenzi na Nzi wa Manyoya

Wavuvi wa pwani na wa maziwa yetu wamezoea chambo cha kuliwa: mnyoo, dagaa, kipande cha ngisi, hata tonge la ugali. Lakini ipo namna nyingine ya uvuvi, iliyostawi hasa katika mito ya baridi ya Ulaya na Marekani, ambayo chambo chake hakiliki hata kidogo. Ni ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi, sufu na manyoya ya ndege, hata ikafanana, machoni pa samaki, na mdudu aliyeanguka majini. Mdudu huyo wa bandia huitwa nzi, na kumtengeneza huitwa kumfunga, maana kazi karibu yote ni ya uzi. Namna ya kumvulia tuwaachie wavuvi. Linalotuhusu sisi walimu ni swali jingine: mwanagenzi wa kazi hii alifundishwa na nani, kitabu au mkono wa mtu?

Habari ya kale inayojulikana sana ni ile ya Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Alisimulia kwamba watu wa Makedonia, katika mto ulioitwa Astraeus, waliona samaki wenye madoadoa wakiwala wadudu waliopita juu ya maji. Mdudu mwenyewe hakufaa kuwa chambo, kwani akiguswa kwa mkono rangi yake hupotea na mabawa hunyauka. Basi wavuvi wakaizungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo. Aelian ametuambia kilichofungwa. Namna ya kukifunga hakuisema. Kwa mwanagenzi, hapo ndipo penye shida yote.

Shida hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1496, mpiga chapa Wynkyn de Worde alitoa huko Westminster, Uingereza, risala juu ya uvuvi wa ndoano, ambayo kwa desturi husemwa kuwa ya mtawa Juliana Berners, ingawa wataalamu wengi wanaitilia shaka habari hiyo. Risala inataja nzi 12 kwa kufuata miezi, tangu Machi hadi Agosti: huyu mwili wake ni wa sufu ya rangi fulani, mabawa yake ni ya manyoya ya kwale au ya bata dume. Ni orodha nzuri, lakini ni kama kumpa mtu majina ya viungo vya pilau bila kumwonyesha sufuria. Aliyekwisha kujua angeweza kuitumia. Asiyejua angebaki na sufu mkononi. Yaelekea mwandishi aliona si haja kueleza, kwa kuwa kila mahali palikuwa na mtu wa kutazamwa.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1676. Izaak Walton alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653, nacho katika toleo la tano kiliongezewa sehemu ya pili iliyoandikwa na rafiki yake, Charles Cotton, bwana mwenye shamba kando ya mto Dove. Cotton aliiandika kwa majibizano. Mwenyeji, mvuvi stadi, anampokea msafiri asiyejua kazi, na mbele ya macho yake anafunga nzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoano inashikwa baina ya kidole cha shahada na gumba vya mkono wa kushoto, mgongo wake ukiwa juu. Uzi wa hariri unapakwa nta. Nywele laini za mnyama zinasokotwa juu ya uzi huo, kisha zinazungushwa mpaka mwili wa mdudu utokee. Tena anafundisha jambo ambalo orodha haiwezi kulifundisha: ukitaka kujua rangi ya kweli ya nywele hizo, uziinue baina ya jicho lako na jua, kwa sababu samaki humtazama nzi kutoka chini, mwanga ukiwa nyuma yake.

Hii, kwa maoni yetu, ni kurasa za ualimu kuliko za uvuvi. Cotton alitambua kwamba maandishi hayawezi kuonyesha, basi akaviweka vidole na macho ndani ya maneno. Hata hivyo, hebu na ajaribu mtu kufunga nzi kwa kufuata kurasa hizo peke yake. Nadhani ataomba mwalimu kabla uzi haujamkatikia mara ya tatu.

Karne ya 19 ilileta jiliwa dogo la kuishikia ndoano, likaufungua mkono wa kushoto. Ilileta pia anasa. Nzi wa samoni walifungwa kwa manyoya ya ndege wa mbali, mpaka wengine wakawa mapambo zaidi kuliko chambo. Tamaa hiyo haijafa: mwaka 2009 kijana mmoja aliiba ngozi 299 za ndege katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, kwa ajili ya soko la wafungaji.

Huko Marekani tatizo lilikuwa la lugha. Nzi mmoja aliitwa hivi mto huu na vile mto ule, na jina moja lilibeba nzi wawili. Mary Orvis Marbury, aliyesimamia wanawake wafungaji katika kampuni ya baba yake huko Vermont, alikusanya barua za wavuvi wa majimbo mengi, na mwaka 1892 akatoa kitabu chenye picha za rangi, kila nzi na jina lake. Walimu wa Kiswahili, tunaokumbuka Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, hatuhitaji kuelezwa kazi ya namna hiyo ina manung'uniko kiasi gani.

Kwetu Afrika ya Mashariki ufundi huu uliingia kwa mlango wa ukoloni. Trauti waliletwa Kenya kutoka Uskochi mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Baadaye Wakenya wenyewe wakawa mafundi, na nzi waliofungwa na mikono yao wameuzwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi.

Lakini ajabu kubwa ni ya mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Uskochi, Megan Boyd, aliyezaliwa mwaka 1915. Alianza akiwa mtoto, kwa mtunza wanyamapori rafiki ya baba yake. Mwalimu huyo alimpa nzi waliokwisha kufungwa, akamwamuru awafumue polepole, atazame kila uzi ulikopita, kisha awafunge tena kwenye ndoano ndogo zaidi. Hivyo alisoma kazi ya fundi kinyumenyume, kutoka mwisho hadi mwanzo. Alifunga kwa miaka zaidi ya 50 katika nyumba ndogo ambayo kwa muda mrefu haikuwa na umeme, na wavuvi walisubiri miaka kupata nzi wake. Mwaka 1971 alitunukiwa nishani na Malkia, lakini hakwenda London kuipokea, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa wake. Yeye mwenyewe hakuwa mvuvi.