Franco, Docteur Nico ao Mwenda?

Juzi hapa Masisi tulibishana mpaka simu zikaisha chaji: mpiga gitare wa Kongo mwenye kupita wote ni nani? Wa rumba wakasema Franco, juu OK Jazz ilianza 1956 na akaiongoza mpaka kifo chake 1989. Kijana mmoja wa Walikale akakataa: ni Docteur Nico! Ndiye alipiga gitare mu « Indépendance Cha Cha », Brussels 1960, wakati viongozi wetu walikuwa kwenye Table Ronde. Hapo nilisita kweli.

Lakini mimi nachagua Jean-Bosco Mwenda. Wale wawili walikuwa na orkestra nzima nyuma yao. Mwenda alikaa na gitare moja: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinatembeza wimbo, unazani ni watu wawili. Hugh Tracey alimkuta Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) mwaka 1952, akamrekodi « Masanga ». Tena aliimba mu Kiswahili!

Baba yangu mdogo alijitengenezea gitare ya bidon na nyaya za freni ya kinga. « Masanga » aliijaribu kila jioni, na ilikuwa inafanana. Rumba aliacha, hakukuwa mtu wa kumsindikiza. Siku tulikimbia vita, gitare ilibaki nyumbani, na hajatengeneza ingine.

Sasa wewe wa Walikale, niambie: Nico peke yake, na nyaya tatu za kinga, angepiga nini?