Fundi wa Stima Makongeni na Kiyoyozi Kilichogoma

Makongeni ni mtaa wa reli katika Eastlands, Nairobi. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, bila hesabu yoyote ya kiyoyozi: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hudai blanketi. Kwa hiyo fundi wa Eastlands anayeitwa kutazama kiyoyozi kisichowaka, mara nyingi kwa tajiri wa mtaa mwingine, ameijua kazi kupitia friji, ambayo nayo huendeshwa na kompresa. Akitafuta hitilafu, huanza na kilichoingia nyumbani karibuni na kurudi nyuma.

Cha kwanza ni tokeni. Mita za kulipia kabla zilianza kuwekwa Nairobi mwaka 2009, na tangu hapo mashine nyingi "zilizokufa" zimefufuliwa kwa kununua yuniti.

Kinachofuata ni kifaa cha kulinda friji. Stima hukatika, kama ilivyokuwa katika mgao wa mwaka 2000 ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, na ikirudi huweza kuja na nguvu kupita kiasi. Kifaa hicho huizuia dakika chache, na viyoyozi vingi vina kichelewesho kama hicho ndani yake. Kuna sababu ya msingi: kompresa iliyozimwa ghafla bado ina gesi yenye shinikizo upande mmoja, na ikilazimishwa kuanza hapo hapo hukwama na kupata moto. Mwenye nyumba anayebonyeza remoti mara kumi anachohitaji ni subira tu.

Kisha huja plagi ya miguu mitatu bapa, ambayo Uingereza iliiwekea kiwango mwaka 1947. Ndani yake mna fyuzi, ya ampea 13 kwa mashine kubwa. Fundi huifungua na kuipima kwa mita kabla ya kugusa skrubu ya mashine. Kiyoyozi kikubwa hakina plagi. Hapo hupimwa breka na swichi ya ukutani, ambayo mara nyingi imezimwa na mtu akasahau.

Stima ya volti 240 ikithibitika kufika, ndipo kifuniko hufunguliwa. Taa za mashine zikiwa zimezimika kabisa, hushukiwa fyuzi ya bodi au transfoma. Taa zikiwaka huku kompresa ikinguruma bila kuzunguka, hushukiwa kapasita. Kapasita haiguswi kwa mkono kabla ya kuondolewa chaji, kwa maana huweza kushika umeme hata swichi ikiwa imezimwa.