Usawa wa Kifo Kabla ya 1939: Kasoro za Umio na Koo la Hewa kwa Watoto Wachanga, Zikitazamwa kutoka Korogwe

Dalili huonekana mapema katika wodi ya wazazi. Mtoto hutokwa na mapovu yasiyokauka mdomoni, na kila anaponyonyeshwa hupaliwa, hukohoa na kugeuka rangi ya buluu. Umio wake umekatika njiani: sehemu ya juu imeishia katika kifuko, na mara nyingi sehemu ya chini imeungana na koo la hewa. Maziwa hayafiki tumboni, ilhali tindikali ya tumbo hupanda hadi mapafuni. Kasoro hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya 2,500 hadi 4,500 wanaozaliwa.

Historia yake imezoeleka kusimuliwa kama msururu wa ushindi wa madaktari. William Durston aliieleza mwaka 1670. Thomas Gibson akafafanua mwaka 1697 aina yenye tundu kati ya umio na koo la hewa. Charles Steele akajaribu upasuaji mjini London mwaka 1888, bila mafanikio. Masimulizi hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yakisomwa kutoka Kilole, mjini Korogwe, yanaficha jambo moja. Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, hakuna upasuaji popote duniani uliokuwa umemwokoa mtoto mwenye kasoro hii. Mtoto wa Kilole na mtoto wa London walikufa sawasawa. Kwa hiyo pengo lililopo leo si la tangu na tangu, lina tarehe.

Tarehe hiyo ni 1939, pale Logan Leven wa Minneapolis na William Ladd wa Boston, kila mmoja kivyake, walipowaokoa watoto wenye tundu hilo kwa mfululizo wa operesheni. Mwaka 1941, mjini Ann Arbor, Cameron Haight aliunganisha ncha mbili za umio kwa operesheni moja, na mtoto huyo wa kike wa siku 12 akaishi. Hospitali za KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza, zilifunguliwa mwaka 1971, miaka 30 baadaye; na kufunguliwa kwa hospitali ya rufaa si sawa na kuwapo kwa bingwa wa kupasua vichanga, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi wa kukesha naye.

Mtu anaweza kudhani kwamba Korogwe haionekani katika historia hii kwa kukosa kumbukumbu za kitabibu. Sivyo. Mji huu una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kuanzia mwaka 2009 ulikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Lakini jaribio hilo liliandikisha watoto wa wiki 6 hadi 12 na wa miezi 5 hadi 17. Mtoto ambaye umio wake haukuungana na hakupasuliwa, kwa kawaida hafiki wiki ya sita. Hufa kabla ya kufikia umri wa kuingia daftarini, na mtafiti anayetegemea kumbukumbu za aina hiyo ataona ukimya, kisha audhanie kuwa ni uhaba wa ugonjwa.

Mwaka 1962 David Waterston wa London aliwapanga watoto hawa kwa vigezo vitatu: uzito, nimonia na kasoro nyingine. Katika vigezo hivyo ni nimonia pekee inayoongezeka kwa kuchelewa, nayo ndiyo hasa ambayo safari ndefu huizalisha. Utafiti wa hospitali 264 uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu kasoro saba za kuzaliwa nazo za mfumo wa chakula, hii ikiwemo, ulionyesha vifo vya asilimia 39.8 katika nchi maskini, 20.4 katika nchi za kipato cha kati na 5.6 katika nchi tajiri.

Ugunduzi wenyewe hauhitaji mengi. Mpira wa kulishia ukipitishwa mdomoni na kukwama baada ya sentimita 10 hivi, mkunga ana sababu ya kutosha ya kusitisha unyonyeshaji na kuandika rufaa. Kutoka Korogwe hadi Muhimbili ni takriban kilomita 300, na njia nzima mtoto anapaswa kuinuliwa kichwa na kuvutwa mate kila baada ya dakika chache.